Kale kamstari ka nesi kanakwenda wapi?

Umekwenda zahanati na homa. Umekaa kwenye benchi, jina limeitwa, umetobolewa kidole, umeambiwa ni malaria na umepewa dawa. Unainuka kuondoka. Nyuma yako nesi anavuta daftari kubwa kama la mwenye duka la jumla, anaandika mstari mzima, halafu anachukua karatasi nyingine na kupiga kamstari kadogo. Basi. Anaita mwingine.

Vijana wengi hawana habari na hako kamstari. Wengine wanakaogopa: "Ameandika nini kuhusu mimi? Nani ataona?" Na wapo wanaoona ni kupoteza muda tu wakati foleni imefika mlangoni. Kumbe safari yake ni ndefu kuliko ya daladala la Bagamoyo. Kanatoka zahanati ya kijijini, tuseme huku kwetu Zinga, Kerege au Kiromo, kanafika wilayani, kinachotokana nako kinasomwa wizarani, na programu ya kompyuta inayokibeba ina mizizi kwa profesa mmoja ambaye si daktari wala nesi. Ni mwalimu wa kompyuta.

Profesa asiyevaa koti jeupe

Anaitwa Jørn Braa, wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Kazi yake iliyomtambulisha haikuanzia Ulaya, ilianzia Afrika Kusini. Mwaka 1994 nchi ile ilifanya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Serikali mpya ikarithi huduma za afya zilizokatwa vipande vipande kwa rangi na kwa maeneo, kila kipande na ofisi zake na fomu zake. Ukiuliza ni watoto wangapi wamechanjwa katika eneo moja, hapakuwa na mtu wa kukujibu, maana kila ofisi ilihesabu watu wake tu.

Braa na wenzake, akiwemo mtaalamu wa programu Calle Hedberg, pamoja na watumishi wa afya waliokuwa wamepambana na ubaguzi, walianza kazi katika maeneo ya Cape Town. Ungetegemea watu wa kompyuta waanze kwa kufungua kompyuta. Wao walianza kwa kuuliza: namba zipi hasa mnazihitaji ili mfanye kazi yenu vizuri kesho asubuhi? Maana tatizo halikuwa uhaba wa namba, zilikuwa nyingi mno. Nesi alikuwa anajaza makaratasi ambayo hakuna aliyeyasoma.

Jibu lao lilikuwa kupunguza. Wakatafuta orodha fupi ya namba ambazo kila kituo lazima kipeleke, kisha wakaipanga kama piramidi. Juu kabisa, taifa linadai chache. Mkoa unaweza kuongeza zake, wilaya zake, na zahanati inaruhusiwa kuhesabu chochote inachokihitaji, mradi zile za lazima zisikosekane. Hili la piramidi likumbuke, tutalirudia, kwa sababu linakuhusu wewe mwenye miaka 15 au 17.

Fikra ya kumuuliza mfanyakazi kabla ya kumletea mashine haikuzaliwa Cape Town. Chuo kilekile cha Oslo kilikuwa na Kristen Nygaard, ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula katika miaka ya 1960. Lugha nyingi wanazojifunza wanafunzi wa kompyuta leo zimechota kwao. Katika miaka ya 1970 Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, akishikilia kwamba anayeletewa mashine awe na kauli juu ya mashine hiyo. Ukiileta hoja hiyo Zinga ni hivi: nesi anayejaza fomu awe na neno juu ya fomu.

Darasa lenye nesi ndani yake

Wengine wakisikia "utafiti" wanamwona mtu amekuja na maswali, ameandika, ameondoka, na kijiji hakimwoni tena. Braa hufundisha utafiti wa namna nyingine, utafiti wa kutenda. Mtafiti anaingia kazini pamoja na wahusika, wanajaribu kitu, kinakwama, wanaandika kwa nini kimekwama, wanarekebisha, wanajaribu tena. Ofisi ya mganga mkuu wa wilaya inageuka darasa.

Wanafunzi wake wengi wa shahada ya udaktari wa falsafa walikuwa tayari ni walimu wa vyuo vikuu vya Afrika na Asia. Walisoma Oslo, lakini utafiti waliufanyia nyumbani, na baada ya hapo wakarudi kufundisha. Kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo Honest Kimaro, aliyemaliza mwaka 2006, na Juma Lungo, mwaka 2008. Kimaro alichimba swali la hapa kwetu: kwa nini mifumo ya kompyuta ya afya huletwa kwa mbwembwe, halafu mradi ukiisha, mfumo nao unakufa?

Mwaka 2004 Braa, akiwa na Eric Monteiro na Sundeep Sahay, alichapisha makala iliyosomwa sana. Hoja yake ni nyepesi kusema, ngumu kutenda. Mradi wa sehemu moja ni kama mche mmoja uliopandwa peke yake jangwani, mfadhili akiacha kumwagilia, umekwisha. Unganisha sehemu nyingi zinazofundishana, Msumbiji impe Tanzania, Tanzania impe India, na mmoja akianguka wengine watambeba. Sisi wa gazeti linaloishi kwa msaada hoja hiyo inatugusa, ila tuendelee.

Programu yenyewe huitwa DHIS, herufi zinazosimama badala ya jina la Kiingereza lenye maana ya programu ya taarifa za afya za wilaya. Ile ya kwanza ilikaa kwenye kompyuta moja moja. Toleo la pili, DHIS2, lilitengenezwa na kundi la Oslo katika miaka ya 2000, na wanafunzi wa hapo walijifunza kuandika programu kwa kuifanyia kazi hiyohiyo. Hufunguliwa kupitia intaneti na haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua ndani na kuibadilisha. Mwaka 2006 ilianza kutumika jimbo la Kerala, India. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Kwetu Bara, mkoa wa Pwani, ambamo Bagamoyo na Zinga zimo, ulikuwa wa majaribio, na kufikia mwaka 2013 mikoa yote ilikuwa imeingia. Walimu na vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Kijitonyama, ndio walioshika kazi ya kuirekebisha ifae hapa. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Safari yenyewe

Sasa turudi kwenye benchi la zahanati. Lile daftari kubwa ni la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza miaka ya 1990. Madaftari yako mengi na kila moja lina namba yake. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, ndicho kilichokuandika wewe na homa yako. Cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 8 cha uzazi wa mpango, cha 12 cha kujifungua.

Mwezi ukiisha, vimistari vinajumlishwa na kuwa namba kwenye fomu ya ripoti. Fomu inakwenda wilayani, huko namba zinaingizwa kwenye DHIS2, labda kama kituo kina kompyuta na kinaziingiza chenyewe. Dakika hiyohiyo mtu wa mkoani au wizarani anaweza kuona mchoro: malaria imepanda au imeshuka, na wapi.

Kompyuta ina akili ya kukamata vituko. Ukiandika kwamba waliokutwa na malaria ni wengi kuliko waliopimwa, inakataa au inakuuliza. Lakini yapo inayoyameza. Fikiria mwezi wa masika, Aprili, mbu wamejaa, na nesi peke yake kazidiwa hakujaza sehemu ya malaria. Nafasi iko wazi. Mwingine kajaza 0. Hivyo viwili havifanani hata kidogo! Sifuri maana yake tumeangalia, hakuna. Nafasi wazi maana yake hatujui. Mtu akijumlisha haraka bila kutofautisha, mchoro utaonyesha malaria imeshuka Aprili, na mpango wa mwaka unaofuata utapangwa kwa uongo huo. Kompyuta haiwezi kuponya namba iliyozaliwa mgonjwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ile mada ya takwimu unayoisinzia darasani. Chanjo ya Penta humkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vimelea vya Hib vinavyoleta nimonia na uti wa mgongo. Hutolewa mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chukua zahanati ya kubuni. Waliopata dozi ya kwanza ni 50, waliofika ya tatu ni 35. Watoto 15 wamepotea njiani. 15 gawanya kwa 50, mara 100, ni asilimia 30. Wataalamu wa chanjo huanza kushtuka ikizidi 10. Dawa ipo, mama zao walishakuja mara ya kwanza, sasa nini kiliwazuia? Siku ya kliniki iligongana na siku ya mnada? Walitukanwa? Nauli? Namba haikujibu hilo, lakini bila hiyo namba hakuna ambaye angeuliza.

Halafu kuna maajabu ya asilimia 125. Kituo kilitegemea watoto 120 kwa mwaka, kikachanja 150. Wengine huwahi kusema wamepika takwimu. Huenda. Lakini ukiishi kando ya barabara hii kutoka Bunju mpaka Bagamoyo unaijua sababu nyingine: watu wanahamia. Wanaotegemewa hukadiriwa kutokana na sensa, na sensa ni mara moja kila miaka kumi. Ile ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, ya 2022 ikakuta 61,741,120. Katikati ya sensa mbili viwanja vimepimwa, nyumba zimesimama, na mama aliyehamia Mapinga au Zinga mwaka jana hayumo kwenye makadirio, ila mwanawe yumo kwenye foleni. Kwenye karatasi kituo kimevuka lengo, na huku benchi limejaa na nesi ni yuleyule mmoja.

Ng'ambo, Unguja na Pemba

Kipande cha kazi hii ninachokipenda zaidi kilifanyika ng'ambo ya bahari. Zanzibar, kama kwingi, wakuu wa afya hawakuziamini takwimu zao wenyewe. Basi kila mradi, wa malaria, wa UKIMWI, wa chanjo, ukawa na fomu zake. Braa na wenzake walikuta mduara: namba hazitumiwi kwa sababu ni mbovu, na zinabaki mbovu kwa sababu hazitumiwi. Nani atajisumbua kuandika sawasawa kitu kinachokwenda kulala kabatini?

Hawakusubiri namba ziwe safi ndipo zitumike. Kuanzia mwaka 2005 waliitisha warsha kila baada ya miezi mitatu. Kila wilaya ilikuja na namba zake, ikazichora, ikasimama mbele ya wilaya nyingine na kueleza. Wewe uliyewahi kusimama mbele ya darasa na jibu lisilo sawa unajua kinachotokea. Mwenzako anauliza, "Ndugu, mbona waliojifungua kwako ni wengi kuliko mimba zinazotegemewa?" Unajikuna kichwa. Safari ijayo, kabla ya kuja, unazikagua mwenyewe. Namba zikaboreka, na fomu zikarekebishwa kwa sababu waliokuwa wanazijaza waliweza kusema wazi lipi halieleweki. Habari hiyo Braa, Arthur Heywood na Sahay waliiandika mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Hakikununuliwa kifaa cha ajabu. Watu walikaa mezani wakaulizana.

Babu wa miaka 59 na wewe, chungu kimoja

Fomu za mwanzo za MTUHA ziligawa wagonjwa wa nje mafungu mawili: chini ya miaka 5, na miaka 5 kuendelea. Ilikuwa na sababu nzuri, watoto wadogo ndio waliokuwa wanakufa zaidi. Baada ya maboresho ya miaka ya 2010 mafungu yaliongezeka, wazee wa miaka 60 na zaidi wakapata safu yao. Katikati likabaki fungu moja pana kama bahari: miaka 5 hadi chini ya 60. Humo aliingia mtoto wa darasa la kwanza, wewe wa Kidato cha Tatu, na babu wa miaka 59 anayetoka kuvua Kaole.

Unaona shida? Shirika la Afya Duniani huita kipindi cha kuanzia miaka 10 hadi 19 balehe, na kina mambo yake. Kijana akija na usaha sehemu za siri au maumivu wakati wa kukojoa, kamstari kake kalikwenda kwenye lile fungu pana. Mtu wa wilayani akiangalia ripoti hiyo hawezi kujua kama magonjwa ya zinaa yanawasumbua wanafunzi au wazazi wao. Fomu ya wajawazito ndiyo iliyouliza wangapi wako chini ya miaka 20. Kwa hiyo msichana alipokuja na muwasho ripoti haikumtofautisha na shangazi yake, alipokuja na mimba ikamwona.

Hapo ndipo piramidi inaposaidia. Kwenye daftari umri wako kamili umeandikwa. Zahanati haihitaji kibali cha Oslo wala Dodoma kukaa Ijumaa moja, kufungua Kitabu cha 5 na kuhesabu wangapi wa miaka 10 hadi 14, wangapi wa 15 hadi 19, na wamekuja na nini. Mwalimu wa afya wa shule naye anaweza kumwomba mganga mfawidhi matokeo ya hesabu hiyo, namba tupu bila majina. Tukiwa wakweli, nesi mmoja mwenye foleni hawezi kila wiki. Kila robo ya mwaka inawezekana.

Na jina langu je?

Hili ndilo wengi mnataka kujua, na ndilo linalowafanya baadhi yenu wasiende kabisa. Kwenye ripoti ya mwezi jina lako haliendi popote. Kinachokwenda wilayani ni "malaria, 43", au "magonjwa ya zinaa, 6". Mtu wa wizarani hata akitaka hawezi kujua kama mmoja wa wale sita ni wewe.

Jina linabaki kwenye daftari pale kituoni. Ndiyo maana daftari halitakiwi kuachwa wazi mezani, na mtumishi anayetoa siri ya mgonjwa anavunja maadili ya kazi yake. Tena ipo mifumo mingine inayobeba majina kwenye kompyuta, kwa mfano ile ya wanaotumia dawa za VVU, kwa sababu lazima ijulikane nani amekuja na nani amekosa dozi. Baadhi ya vituo pia huandikisha wagonjwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Hiyo hulindwa kwa neno la siri, na tangu Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka anayeshika taarifa zako azilinde. Sheria na neno la siri ni kitu kimoja, jirani yenu anayefanya usafi pale zahanati ni kitu kingine. Ukiwa na wasiwasi, sema hivyohivyo:

"Shikamoo nesi. Naomba tuzungumze pembeni."

"Marahaba mwanangu, pita huku ndani."

Kama zahanati ya kwenu kila mtu ni shangazi au mjomba, panda gari uende Bagamoyo mjini, una haki hiyo. Utahesabiwa huko badala ya Zinga, haina neno. Ila umri taja wa kweli. Wako wa miaka 16 wanaojiita wa 20 wakidhani watahudumiwa bila maswali, na huko kwenye daftari kijana mmoja anafutika na mtu mzima mmoja anazaliwa. Kwa upande wa kupima VVU huna hata haja ya kudanganya: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ukishafikisha miaka 15 unapimwa kwa ridhaa yako mwenyewe, bila kusubiri sahihi ya mzazi.